Hamira Haiamrishwi: Anachojifunza Mtoto Mdogo Katika Kuoka Nyumbani

Mada ya mhadhara huu inaweza kuonekana nyepesi mno kwa ukumbi kama huu. Tukitaja mtoto wa miaka mitano na sufuria ya mkate, wengi wetu hujiwa na picha mbili: unga uliotapakaa sakafuni, au binti anayefunzwa mapema kazi za nyumba atakayoolewa. Mimi nitatetea hoja nyingine. Nadai kwamba kuoka nyumbani ni moja ya nafasi chache sana ambapo mtoto mdogo hukutana na jambo linalokwenda kwa sababu, wala haliendi kwa amri. Mtoto wetu huamrishwa tangu alfajiri: amka, oga, kaa, nyamaza, andika, futa. Akitaka kujua kama amefanya sawa, jibu hutoka kinywani mwa mtu mzima au kwenye kalamu nyekundu ya mwalimu. Hamira haiamrishwi. Ukiitendea inavyotaka, unga utaumuka. Ukiikosea hautaumuka, hata aliyekosea awe bibi mwenye nyumba yake. Hilo ndilo somo kuu, na mengine nitakayoyataja, yaani hesabu, lugha na subira, yamo ndani yake.

Tuanze na chakula chenyewe ili tusizungumze hewani. Tuchukue mkate wa kumimina, ambao Unguja, Pemba, Mombasa na kwingineko mwambao huokwa sana mwezi wa Ramadhani. Mchele hurowekwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha husagwa pamoja na tui zito la nazi, hamira na iliki mpaka uwe laini kabisa. Mchanganyiko hufunikwa na kuachwa uumuke. Ukishajaa vipovu, wapo wanaotia sukari wakati huo na kuongeza ute wa yai. Sufuria hupakwa samli au mafuta na kutelekwa ipate moto, ndipo mchanganyiko humiminwa. Baada ya muda matundu madogo hujitokeza juu, na hapo makaa hupaliwa juu ya mfuniko, au sufuria hupinduliwa ielekee moto, ili uso wa mkate nao uive na kupata rangi. Angalieni jinsi kazi hii ilivyopangika. Ina mfuatano usiopinduliwa: mchele usioroweka hausagiki laini, na mkate uliokwisha kuiva haurudi kuwa uji. Ina sababu isiyoonekana kwa macho, ambayo ni hamira. Ina kungoja ambako hakufupishwi kwa kelele wala kwa machozi. Na mwishoni ina matokeo yanayoonekana, yanayoshikika na yanayoliwa. Ni vigumu kupata shughuli nyingine ya nyumbani inayokusanya mambo haya manne kati ya leo na kesho.

Hamira ni kiumbe hai, aina ya kuvu wa seli moja. Wataalamu wa Ulaya walibishana miaka mingi juu ya kinachosababisha uchachukaji, mpaka Louis Pasteur, katika kazi zake za kuanzia 1857 hadi 1860, alipoonyesha kwamba ni kazi ya viumbe hai. Hamira hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo inayouinua unga. Maji baridi huipooza, maji ya uvuguvugu huiamsha, na maji yaliyotoka kuchemka huiua. Joto la nyuzi 60 za Selsiasi linatosha kuimaliza. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kuhutubiwa habari hizi. Wekeni glasi tatu mezani: moja ya maji baridi, moja ya maji ya uvuguvugu, na moja ya maji ya moto ambayo mtu mzima ndiye aliyeyamimina. Kila moja itieni kijiko cha sukari na kijiko kidogo cha hamira, kisha mwambieni mtoto akisie ni ipi itakayotoa povu. Baada ya dakika kumi au kumi na tano, glasi ya uvuguvugu huwa na povu nene, ya baridi ina povu haba au haina kabisa, na ile ya moto imetulia tu, na itaendelea kutulia hata kesho. Mtoto anaweza kukisia kwamba ya moto ndiyo itakayoshinda, kwa kuwa amezoea kuona moto ndio unaoivisha chakula. Sasa mtoto amekisia, amengoja, ameona, na pengine amekosea. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kuwa amekosea. Glasi ndiyo iliyosema, na ataweza kuirudia kuiuliza mara nyingine apendavyo.

Ushahidi wa wataalamu unasemaje? Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kuanzia 1896 hadi 1980, alionyesha jambo ambalo mzazi yeyote anaweza kulijaribu nyumbani. Mimina maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba mbele ya mtoto wa miaka minne. Atakwambia maji yameongezeka, maana yamepanda juu. Libonyeze donge la udongo likawa bapa, naye atasema kiasi chake kimebadilika. Piaget aliona kwamba watoto wengi huivuka hatua hii wanapokaribia miaka saba. Je, ni umri peke yake unaowavusha? Mwaka 1969 Douglass Price-Williams na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Mexico, wakiwalinganisha watoto wa familia za wafinyanzi na watoto wengine wa rika lao. Walipopimwa kwa udongo, watoto wa wafinyanzi waliwazidi wenzao katika kutambua kwamba donge lililogeuzwa umbo bado ni lile lile kwa kiasi. Mikono yao ilikwisha kulijibu swali hilo kabla ya mtafiti kufika. Mtoto anayekanda donge la unga wa ngano, akalisukuma likawa duara pana, akalikunja na kulirudisha kuwa donge, anafanya kazi ya mkono inayofanana na ya mtoto wa mfinyanzi, na ni haki kutarajia faida ya namna hiyo hiyo. Tena unga wa hamira unampa swali gumu zaidi ambalo udongo hauna. Donge limeumuka, limekuwa maradufu, na hakuna aliyeongeza kitu. Je, limezidi? Liwekeni kwenye mizani kabla na baada ya kuumuka: uzito ni ule ule, au umepungua kidogo sana. Hapo mtoto anatenganisha ukubwa na uzito, jambo ambalo darasani hufundishwa miaka mingi baadaye.

Hesabu nazo zimo, ingawa hatuna haja ya kuzitia chumvi. Mtoto aliyejaza kikombe kwa robo nne ameijua robo kabla hajaisoma. Aliyeshuhudia mkate wa duara ukikatwa vipande viwili, kisha vinne, kisha vinane, ameona kwamba vipande vinane ni vingi kuliko vinne lakini kila kimoja ni kidogo zaidi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa shule ya msingi hukwama, wakidhani moja ya nane inaizidi moja ya nne kwa kuwa nane inaizidi nne. Mabibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, na hakuna aliyehitaji daftari kujua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Lakini swali la haki linabaki: je, hesabu ya jikoni huvuka ikafika darasani? Ushahidi maarufu zaidi unatoka Recife, Brazil. Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwachunguza watoto waliokuwa wakiuza nazi na bidhaa nyingine mitaani, wakachapisha matokeo 1985. Watoto hao walikuwa watano tu, lakini walichokionyesha kimejadiliwa duniani kote. Wakiwa kwenye biashara zao, walijibu sawasawa asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu za namna ile ile kwa mtindo wa shule, tarakimu tupu zisizo na nazi wala fedha, walipata asilimia 37.

Anayepinga hoja yangu atashika nusu ya pili ya habari hii: hesabu ya mtaani imebaki mtaani, na ya jikoni itabaki jikoni. Pingamizi hili ni zito, na hatuwezi kulikwepa kwa kusifu tu akili za watoto. Ila utafiti ule una namba ya tatu ambayo husahauliwa. Maswali yalipoelezwa kwa maneno, yakiwa na mtu anayenunua kitu kwa bei fulani, watoto wale wale walipata takriban asilimia 74. Palipokuwa na maneno kati ya mtaa na daftari, wengi walipita. Maana yake ni kwamba tendo peke yake halitoshi. Kinacholichukua somo kutoka jikoni hadi darasani ni mazungumzo. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget na kufariki kijana 1934, alishikilia kwamba anachokiweza mtoto leo akisaidiwa na ajuaye zaidi, kesho atakiweza peke yake, na kwamba lugha ndiyo chombo kikuu cha msaada huo. Nchini Marekani, Catherine Snow, Diane Beals, Patton Tabors na wenzao walirekodi mazungumzo ya familia za kipato cha chini wakati wa kula. Waliona kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliosikia maneno yasiyo ya kawaida na maelezo ya sababu mezani walikuwa baadaye na msamiati mpana zaidi. Sasa pimeni wenyewe maneno yanayotawala majiko yetu: lete, shika, ondoka hapo, usiguse. Kisha pimeni haya: "Mwanangu, tumetia hamira, unadhani tukiuacha barazani penye upepo utaumuka upesi au utachelewa?" Unga ni ule ule na mikono ni ile ile. Mtoto wa kwanza amefanya kazi. Wa pili amefanya kazi na amefikiri.

Nije kwenye subira, ambayo husifiwa sana na kueleweka kidogo. Wengi wenu mmesikia jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto huwekewa kitu kitamu kimoja na kuambiwa akingoja bila kukila atapewa cha pili. Ilidaiwa kwamba waliongoja walifaulu zaidi maishani. Madai hayo yamepunguzwa nguvu. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan, wakitumia kundi kubwa zaidi la watoto, waliona uhusiano huo ni mdogo, na hupungua zaidi hali ya familia inapozingatiwa. Kwa hiyo sitawaambia kwamba mtoto anayengojea mkate uive ndiye atakayekuwa daktari. Ila mwaka huo huo Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Wanso wa Kameruni. Wanso waliwekewa andazi dogo la kwao, linalofanana na kalimati zetu. Karibu asilimia 70 yao walingoja hadi mwisho, na kwa Wajerumani hawakufika theluthi moja. Watafiti walilihusisha jambo hili na malezi ya Wanso, ambamo mama hutarajia mtoto atulize hisia zake tangu uchanga. Hii inatufunza kwamba subira hulelewa, na kwamba malezi ya Kiafrika yanaweza kuilea vizuri sana. Kinachopungua kwetu ni jambo lingine. Mtoto wetu anajua kungoja kwa sababu ameambiwa angoje. Mbele ya bakuli la unga anaweza kujifunza kungoja kwa sababu anajua anangoja nini. Mfungieni uzi kwenye glasi ya unga palipofika usawa wake, aje autazame kila baada ya muda. Kungoja kwake kutakuwa kazi ya akili.

Haya yote yana sharti moja ambalo likikosekana hoja yangu huanguka: mtoto apewe sehemu ya kweli ya kazi. Akipewa kidonge cha unga akichezee pembeni huku mkate ukiendelea bila yeye, amepewa mchezo, na hakuna ubaya, lakini hakuna sababu na matokeo anayoyamiliki. Maria Montessori alipofungua shule yake ya kwanza mtaa wa San Lorenzo mjini Roma mwaka 1907, alijenga mafunzo ya watoto wadogo juu ya kazi halisi za nyumbani: kumimina, kufagia, kuosha, kuandaa meza. Barbara Rogoff, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu watoto wanaojifunza kwa kushiriki kazi za watu wazima, alitumia mifano mingi ya Wamaya wa Guatemala. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Martha Wenger, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagiriama wa Pwani ya Kenya, alieleza 1989 kwamba jamii hiyo huzitaja hatua za utoto kwa kazi anazoweza kutumwa mtoto, kuanzia yule mdogo anayeweza kutumwa kikombe cha maji. Kushirikisha watoto ni mila yetu. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchambua mchele na kumenya iliki. Wa minne au mitano anaweza kuchekecha unga, kupima kwa kikombe, kupaka samli kwenye sufuria iliyo baridi. Wa sita au saba anaweza kusoma mizani, kuangalia saa, na kusema kama mkate uko tayari kwa kutazama kama kijiti kilichochomwa katikati kimetoka kikavu au kimetoka na ubichi. Uamuzi huo wa kijiti ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa mtoto anahukumu kwa alama anayoiona, na mtu mzima akitazama ataiona alama ile ile.

Sasa tusikilize wanaokataa. Wa kwanza husema jikoni ni mahali pa hatari, na ni kweli. Watoto wadogo huungua, hasa kwa maji ya moto, uji, chai na mafuta. Lakini pingamizi hili linanisaidia kuieleza kuoka vizuri zaidi. Katika kukaanga maandazi, kazi yenyewe iko ndani ya mafuta yanayochemka, na hapo mtoto mdogo hana nafasi. Katika kuoka, sehemu kubwa ya kazi hufanyika mbali na moto: kupima, kuchekecha, kukanda, kungoja. Moto huja mwishoni, na hapo mtu mzima hushika peke yake. Kupalia makaa, kuepua, kufunua mfuniko, hayo si ya mtoto. Jiko la mkaa liwe nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu. Mtoto asilambe unga mbichi wala mchanganyiko wenye yai bichi, maana vyote viwili vinaweza kubeba vijidudu vya tumbo. Wapo watakaoongeza kwamba hii ni ajira ya watoto kwa jina lingine. Tofauti iko wazi. Mtoto anayeamshwa usiku akande unga wa maandazi ya kuuza, kisha akafika shuleni amechelewa akisinzia, ananyonywa, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha hivyo. Mtoto anayeoka na mama au baba siku ya mapumziko, na akichoka akaacha, anasomeshwa.

Wa pili husema huu ni utamu wa wenye nacho: mayai, siagi, sukari, gesi, oveni. Hoja ya gharama ni ya kweli pia, ila inahusu keki ya duka zaidi ya inavyohusu somo. Somo linataka kikombe kimoja cha unga, kijiko kidogo cha hamira, sukari kidogo na maji. Oveni haihitajiki, kwa kuwa mwambao huu umeoka miaka mingi kwa sufuria na makaa ya chini na juu, na mkate wa mofa wa unga wa mtama umeokwa katika tanuri la udongo. Leo wako wengi wanaooka keki juu ya jiko la gesi kwa kuweka mchanga ndani ya sufuria kubwa na chombo cha keki juu yake. Nyumba isiyo na hamira inaweza kuwa na togwa, na togwa nayo humwonyesha mtoto kwamba uji wa jana umebadilika ladha bila mtu kuugusa. Kuhusu sukari na meno, mwenye hofu hiyo apunguze sukari na aoke mkate badala ya keki. Hakuna anachopoteza mtoto katika yale niliyoyaeleza.

Wa tatu ni muhimu zaidi, naye husema: mnawarudisha wasichana jikoni. Ningemuunga mkono kama ningekuwa nazungumzia wasichana. Tuangalie kwanza ukweli wa mambo. Katika harusi zetu za pwani, masufuria makubwa ya biriani hupikwa na wanaume, na katika viwanda vya mikate vya miji yetu wanaume wamejaa kwenye matanuri. Kumbe mwanamume hukatazwa jiko la nyumbani tu, lisilolipa. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mwaka 2001 Kevin Crowley, Maureen Callanan na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa katika jumba la makumbusho la watoto huko California. Wazazi walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kumweleza mtoto wa kiume sababu ya kisayansi ya kile anachokiona kuliko kumweleza wa kike, ingawa watoto wote walishughulika na vitu vile vile. Tuulizane kwa uaminifu hali ikoje kwetu. Msichana hupewa kazi bila maelezo, mvulana hupewa maelezo bila kazi. Mmoja anajua mkono unavyofanya asijue kwa nini. Mwingine anajibu swali la mtihani juu ya uchachukaji asijue hamira inanukaje. Wote wawili wamepewa nusu ya elimu. Kuoka ninakokupendekeza ni kwa wote wawili, kaka na dada kwenye bakuli moja, wakiulizwa maswali yale yale.

Wa nne husema kwa upole, lakini ndiye aliye karibu zaidi na moyo wa hoja yangu. Anahofia adabu. Mtoto akizoea kuuliza kwa nini, na akiona mkate wa mama umekataa kuumuka, je, hatamdharau mama? Naamini kinyume chake. Mtoto hujua mapema kwamba wakubwa hukosea. Asichokijua ni namna mtu mzima mwenye heshima anavyolibeba kosa. Mama anayefunua sufuria, akaona mkate umelala, akasema, "Maji yalikuwa ya moto mno, hamira imekufa, kesho tutayapoza," hajashuka cheo. Amemwonyesha mwanawe kwamba kosa lina sababu, sababu inatafutwa, na kesho ipo. Anayesema, "Umeusogelea unga kwa jicho baya," au anayemchapa aliyefungua mlango, amefundisha kwamba kosa linatafutiwa mtu wa kubebeshwa. Tabia hizi mbili hukua na mtoto. Tunapolalamika kwamba maofisini kila jambo likiharibika hutafutwa wa kulaumiwa kabla ya kutafutwa kilichoharibika, tukumbuke kwamba mazoea hayo hayakuanzia ofisini.

Mwisho wapo watakaosema kazi hii ni ya shule. Sera zetu zimeshatamka mengi. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alilalamikia shule inayomtenga mtoto na kazi za jamii yake, na Kenya ilianza 2017 kujaribu mtaala wa umilisi unaowataka wazazi washiriki masomo ya watoto wao. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumwachia kila mmoja akisie, angoje, akosee na arudie. Muda huo uko nyumbani, pale penye watoto watatu na bakuli moja. Wala sidai kwamba kuoka kutamfundisha mtoto kusoma, au kwamba kunatosha badala ya vitabu. Kusoma kunataka vitabu na mwalimu. Kuoka kunampa kitu ambacho vitabu vitakihitaji baadaye: mazoea ya kuamini kwamba jambo lina sababu, na kwamba yeye, mdogo alivyo, anaweza kuitafuta.

Nawaombeni basi jambo moja linalotekelezeka. Mwezi huu tengeni siku moja, muoke mkate mmoja, na mtoto apewe kazi moja ya kweli katika kuuoka, awe wa kike au wa kiume. Kabla ya kufunua bakuli, mwulizeni anakisia nini. Ukiumuka, mwulizeni kwa nini umeumuka. Usipoumuka, msimfiche, msimlaumu, wala msiutupe upesi. Tafuteni sababu pamoja naye, kisha muoke tena.